Kiazi cha Wairimu

Ulikuwa mwaka wa mahindi ya manjano, yale ya msaada, ugali wake ukinuka gunia na kukwama kooni. Ndiyo maana nikisikia harufu ya kiazi kikiiva kwenye jivu, hata leo na meno yangu machache, mate hunitoka kwanza, halafu aibu.

Baba yangu alikuwa na dada aliyeolewa Mweiga, kwenye viazi, shangazi tuliyemwita Tata Wairimu. Mimi ni binti wa tatu, na kwetu binti wa tatu hupewa jina la dada ya baba. Kwa hivyo mimi pia ni Wairimu. Tata akija, kitu cha kwanza kutoka kwa kiondo chake kilikuwa changu, mwenye jina lake, na wengine wangoje. Nilijivuna kwa hilo, wacha niseme ukweli.

Mwaka huo alikuja mikono imebadilika. Vidole vilikuwa vyeupe kama vimechovywa kwa maziwa, na weupe mwingine umezunguka mdomo. Wanawake mtoni walishasema, ati alikula nyama iliyokatazwa. Wasichana wa shule wakanimalizia: "Si wewe ndiye Wairimu? Ngoja tu. Utageuka mzungu nusu, hata kanisani wakose mahali pa kukukalisha." Kila asubuhi, kabla ya kunawa, nilikagua vidole vyangu kimoja kimoja.

Basi tumekaa jikoni, njaa imetubana. Tata akatoa kiazi jivuni, akakimenya kwa vidole vile, akikipuliza. Akaninyooshea mimi kwanza. "Shika, mwenye jina langu." Nami, tumbo likinguruma, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje: "Sili kitu cha mkono huo, na hilo jina lako silitaki."

Mama alinichapa na mwiko. Tata alikiweka kiazi juu ya kifuniko cha sufuria, akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. Tangu siku hiyo alikuja kwetu hivyo, hata kwa jua la Januari, na chakula alimpa mama atugawie. Mimi nikataka niitwe kwa jina la ubatizo tu, Agnesi. Alikufa shingo imevimba, na sikuwahi kumshika mkono.

Kijana wangu alipopata binti wa kwanza, alimpa jina langu, vile desturi inataka. Sasa huyo Wairimu ni wa darasa la sita, na vidole vyake vimeanza kuwa vyeupe. Nilimpeleka hospitali. Daktari, msichana mdogo tu, akaniuliza, "Shosho, kwa familia yenu kuna mtu amewahi kuwa na hii?"

"Hakuna," nikasema, haraka.

Mtoto akavuta mikono ya sweta mpaka ikafunika vidole. Vile vile kabisa.

"Daktari, nimedanganya," nikasema. "Shangazi yangu alikuwa nayo." Nikataja na ile shingo. Akaandika, akasema damu ya mtoto ipimwe kuangalia tezi ya shingo pia, kwa sababu mambo hayo mawili mara nyingine hutembea pamoja katika familia moja. Akanieleza kwamba hali hii haiambukizi. Chakula hakiipitishi, wala jina. Kitu kinachoivuta kiko kwa damu ya ukoo, na mtu anaweza kukibeba maisha yake yote asitoke hata doa, akampa mwanawe bila kujua. Tena wengi wa ukoo huo hawaipati kabisa.

Yaani nilikimbia jina, na huenda damu ilinifuata mpaka kwa huyu mtoto. Hilo si kosa la mtu. Kosa langu ni lingine.

Jioni hiyo nilichoma viazi. "Menya wewe, Shosho," akasema, mikono kwa sweta. Nikakataa, nikamwambia animenyee yeye. Akamenya, nikala mpaka makombo. Akanitazama.

"Na huyo shangazi yako uliyemtaja, watu walikuwa wanakula chakula chake?"

Ningeweza kulainisha. Nilimshika vidole, nikamwambia ni mimi niliyekataa, mbele ya watu wote, na maneno yangu yalikuwa haya:

"Sili kitu cha mkono huo, na hilo jina lako silitaki."