Aliyeleta Habari

Msusi hakuwa mtu wa kufunga saluni ovyo. Aliwahi kusuka wateja wawili huku jino linamtwanga, na siku bati lilipovuja aliweka beseni chini ya tone akaendelea na kazi. Lakini Jumatatu ile alitundika kibao cha "Tumefunga" mlangoni, akamwomba radhi bibi harusi mtarajiwa aliyekuja na kifurushi cha nywele mkononi, akatia kitana chake chenye mkia mkobani na kushika njia ya ofisi ya vizazi na vifo.

Chanzo kilikuwa kauli moja ya mjomba wake.

Mjomba huyo, kaka wa mama yake kwa baba, alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na mtaa mzima uliendelea kumwita Mwalimu Mkuu ingawa shule pekee iliyombakia ilikuwa kuku wa uani. Kuku hao aliwahesabu asubuhi na jioni, na aliyechelewa alisemwa mbele ya wenzake. Yeye aliishi vyumba vya mbele vya nyumba aliyoiacha marehemu baba yao. Mama yake msusi aliishi chumba cha nyuma, humo humo alimozaliwa, na humo humo alimorudi na binti yake baada ya kufiwa na mume. Miaka yote hiyo hakuna aliyeuliza nani ni nani. Kisha akaja dalali, akamnong'oneza Mwalimu Mkuu kwamba nyumba yenye mwenyewe mmoja huuzika upesi kuliko nyumba yenye wenyewe wawili.

Basi wiki iliyopita, mbele ya baraza la usuluhishi la mtaa, Mwalimu Mkuu alisimama, akapangusa miwani, akasema: "Huyu tulimlea tu. Mama yake aliolewa na marehemu baba akiwa naye mgongoni. Si damu yetu."

Mama hakulia. Alitazama mikono yake kana kwamba ameambiwa si yake. Mwenyekiti wa baraza aliuliza kama yupo shahidi wa kuzaliwa. Waliokuwepo siku hiyo walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, ila bibi mmoja, naye alisikia kwa sikio moja, na hilo moja kwa kuchagua. Je, kitambulisho? Mwalimu Mkuu akasema kitambulisho huandika unachojisemea. Hata yeye angesema ni mtoto wa tembo wangeandika. Mwenyekiti akatoa wiki moja: kipatikane cheti au kumbukumbu yoyote ya serikali, la sivyo nyumba itahesabiwa ya mmoja, naye atakuwa na ruhusa ya kuiuza.

Usiku mama alimwuliza binti yake jambo moja tu. "Kwani kweli nilikuja mgongoni?"

"Tutajua," alisema msusi. Alikuwa na tabia ya kutotoa faraja asiyokuwa nayo mkononi.

Ofisi ya vizazi na vifo ilikuwa na dirisha moja, feni iliyozunguka kwa hiari yake, na karani ambaye serikali ilimpa cheo cha mtunza kumbukumbu na wananchi wakampa cha Bwana Kesho.

"Njoo kesho, dada," alisema kabla msusi hajafungua mdomo.

"Kesho nitakuja. Leo pia nimekuja."

Bwana Kesho alimtazama, akaona hapa hapana wa kuchoka mapema. Akamletea faharasa ya miaka ya kuzaliwa mama: kitabu kipana kama meza ya chai, chenye majina yaliyopangwa kwa herufi, na mbele ya kila jina namba ya daftari na ya ukurasa. Ukilipata jina humo, unaletewa daftari lenyewe. Usipolipata, unaletewa pole. Ukutani palikuwa na tangazo: "Ni marufuku kulamba kidole." Kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu, basi msusi akatoa kitana na kuziachanisha kwa mkia wake, moja moja, kama anayegawa nywele za mtoto mwenye kichwa chenye uchungu.

"Hiyo nayo haijakatazwa?" aliuliza Bwana Kesho.

"Soma tangazo lako."

Akasoma. Kitana hakikutajwa.

Alianza na herufi ya jina la mama. Halimo. Akaenda kwa jina la babu, baba wa mama. Halimo. Akatafuta la bibi, akatafuta la ukoo, akatafuta hata lile la utani ambalo babu aliitwa na wacheza bao wenzake, maana karani wa zamani naye alikuwa binadamu na pengine alicheza bao. Patupu. Siku iliyofuata alirudi, na iliyofuata pia. Wateja wakaanza kumpigia simu. Mmoja alimwambia, "Dada, mimi natembea na kilemba kama mgonjwa kwa sababu yako."

"Kinakupendeza," alisema msusi, akakata.

Mwalimu Mkuu alimkuta jioni hiyo akinawa vumbi la vitabu bombani.

"Mpwa wangu, unajisumbua bure. Kisichokuwepo hakitafutwi."

"Kama hakipo, mjomba, kwa nini kinakunyima usingizi? Taa yako haizimwi siku hizi."

"Nasoma."

"Na mimi nasoma."

Siku ya nne aliacha kutafuta jina na kuanza kusoma kitabu kama kitabu, tangu herufi ya kwanza, kwa sababu njia za mkato zilikuwa zimekwisha. Hapo ndipo alipomkuta mwanamke mmoja ambaye jina lake lilijaza ukurasa mzima na kumwagikia wa pili. Kwa mujibu wa faharasa, mwanamke huyo alihusika na kizazi kipya karibu kila wiki, mwaka hadi mwaka.

"Bwana karani, huyu mama alikuwa mtu au kambare?"

Bwana Kesho alikuja, akachungulia, akacheka mpaka feni ikaonekana kushtuka. "Huyo alikuwa mkunga, dada."

"Mkunga yumo kwa sababu gani? Si ni kitabu cha waliozaliwa?"

"Ni kitabu cha waliozaliwa, ila kimepangwa kwa jina la aliyeleta habari. Mtoto wa siku mbili utamwita ofisini akueleze nini? Makarani wa zamani walitaka mtu wa kumwita kukiwa na kosa. Vitabu vya baadaye ndivyo vimepangwa kwa mtoto."

"Na wewe ulijua hivyo?"

"Tangu naanza kazi."

"Mbona hukusema?"

"Hukuuliza. Uliomba faharasa, nikakupa faharasa."

Msusi alimtazama kama anavyomtazama mteja aliyekuja na chawa: kwa upole, na kwa nia ya kumaliza kazi. Kisha akapitia watoto wote wa mkunga yule, daftari baada ya daftari. Mama yake hakuwemo. Hivyo swali likabaki moja, na jibu lake halikuwa ofisini.

Mama alikuwa kwenye kizingiti cha chumba chake anachambua maharage.

"Mama, ulipozaliwa nani alikwenda kuandikisha?"

"Nitajuaje? Siku hiyo nilikuwa na shughuli nyingine. Nilikuwa nazaliwa."

"Babu hakwenda?"

"Baba? Baba aliogopa ofisi kuliko nyoka. Nyoka, alisema, hakudai muhuri. Karatasi yoyote ikiingia nyumba hii, ilikuwa 'mwiteni kijana asome', 'mtumeni kijana apeleke'."

"Kijana gani?"

Mkono wa mama ukasimama juu ya ungo. Katika nyumba ile, enzi zile, aliyejua kusoma na kuandika alikuwa mmoja. Kutoka uani ilisikika sauti yake ikimkemea jogoo kwa utoro.

"Hapana," alisema mama. "Angekumbuka."

"Pengine anakumbuka. Pengine amesahau. Mimi naenda kuangalia kitabu, mama. Moyo wa mtu hauna faharasa."

Asubuhi alikuwa mlangoni kabla ya mwenye ufunguo. Alilitafuta jina la mjomba wake, akalipata upesi, mahali pamoja tu, kama vile lilikuwa linamngoja aache kiburi cha kutafuta kwingine. Daftari lenyewe lilikuwa rafu ya chini kabisa, na mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bwana Kesho akasema mgongo wake una cheti cha daktari, msusi akainama mwenyewe.

Ukurasa ulikuwepo. Jina la mtoto: la mama. Jina la baba: la babu. Jina la mama: la bibi. Mahali pa kuzaliwa: nyumbani kwa baba wa mtoto. Aliyeleta habari: kaka wa mtoto. Chini yake palikuwa na sahihi yenye mkia mrefu uliojikunja mara tatu na kurudi kupiga mstari chini ya jina. Msusi hakuhitaji kuambiwa ni ya nani. Sahihi hiyo hiyo, kwa mkia huo huo, ilikuwa chini ya ripoti zake zote za shule ya msingi, kando ya maneno "Ana bidii ila ni mkaidi."

"Nataka nakala yenye muhuri," alisema.

"Njoo ke—"

"Baraza linakaa kesho. Nitaingoja kesho yako hapa hapa."

Akaketi. Kwenye meza ya jirani alikaa mpiga chapa, mwanamke mwenye nywele zilizokuwa zikiomba msaada tangu mwezi uliopita. Msusi alizitazama, na mpiga chapa akatazama kitana. Kabla ya chakula cha mchana nakala ilikuwa imechapwa, na muhuri ulikuwa umepatikana, ingawa wino wake ulibidi uamshwe kwa matone ya maji. Mpiga chapa alirudi nyumbani siku hiyo na mistari minane iliyonyooka kuliko chochote kingine katika ofisi ile.

Baraza lilikaa chini ya bati la ofisi ya mtaa. Dalali alikuwepo, kwa nyuma, amevaa kama mtu anayekwenda mahali pengine baadaye. Mwenyekiti aliipokea nakala, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Miwani nimeiacha nyumbani. Nani atatusomea?"

"Mzee mwenyekiti," alisema msusi, "naomba asome mjomba. Yeye ndiye mwalimu."

Hakuna sifa ambayo Mwalimu Mkuu aliwahi kuirudisha. Alisimama, akapangusa miwani, akaanza kwa sauti ile iliyokuwa ikifika mpaka uwanja wa mpira. Alisoma jina la mtoto. Alipofika jina la baba sauti ilipungua kidogo, lakini mwalimu haachi sentensi njiani. "Mahali pa kuzaliwa: nyumbani kwa baba wa mtoto. Aliyeleta habari..."

"Aliyeleta habari?" aliuliza mwenyekiti.

"Kaka wa mtoto."

"Ameweka sahihi?"

Mwalimu Mkuu aliisogeza karatasi karibu na miwani. "Ni mwandiko mzuri," alisema, na watu wakacheka kabla hawajajua wanacheka nini.

"Wa nani, Mwalimu?"

"Wangu." Akavua miwani. "Baba alinituma. Mvua ilikuwa inanyesha, na nilikuwa na viatu vipya, nikavibeba kwapani mpaka ofisini. Karani aliniuliza, 'Mtoto huyu ni nani wako?' Nikamwambia dada yangu. Akaniuliza mara mbili. Nikamwambia mara mbili."

Hakueleza kama alikuwa amesahau au la, na msusi, aliyejiandaa kumwuliza, aliona hana haja tena. Mwenyekiti alitamka kwamba nyumba ina wenyewe wawili na haitauzwa bila mmoja wao kukubali. Dalali akakumbuka pale mahali pengine, akaondoka. Watu walipoanza kukunja viti, mama akamgeukia kaka yake.

"Kaka," alisema, "kuku wako wanakula mboga zangu. Wiki hii nilinyamaza kwa sababu nilidhani mimi ni mgeni."

"Nitawafungia, dada," alisema Mwalimu Mkuu.

Njiani kurudi alikwenda nyuma yao, na karibu na nyumba akamwita msusi pembeni.

"Mpwa wangu. Hiyo karatasi. Ningependa kubaki nayo siku mbili tatu. Nataka kuisoma tu."

Msusi aliikunja, akaitia mkobani karibu na kitana. "Hii ni ya mama, mjomba. Lakini kitabu kipo, rafu ya chini. Waambie watafute kwa jina lako."