Sufra ya Maua ya Zambarau

Sogeeni karibu, jamaa, na aliye na chakula mkononi amalize kwanza, maana ninayotaka kukuhadithieni yana harufu. Mie mwenyewe tangu siku ile nyama hainipiti vizuri kooni, na mnanijua, nilikuwa nikimaliza mbuzi mzima nauliza mwenzake yuko wapi.

Mjomba wangu, ndugu wa mama, kazi yake kulinda paa. Wale paa wa bondeni, nyuma ya mji wetu wa Al Kamil, kwenye migunga. Nilipokuwa kijana walikuwa wengi hata ukipita na gari unapiga honi wakupishe, kama watu wa sokoni. Siku hizi unazunguka asubuhi mpaka adhuhuri unamwona mmoja, naye anakutazama utasema wewe ndiye uliyepotea. Ofisini wakamwambia mjomba maneno yaliyomkata maini: paa wakiisha, na kazi ya mlinzi imekwisha. Na mjomba kazi nyingine haijui. Akikaa nyumbani asubuhi moja tu, mkewe humpa vitunguu amenye mpaka macho yanamvimba.

"Ni dhibu huyo," akisema. "Dhibu ndiye anayenitoa kazini."

Dhibu ndivyo tunavyomwita mbwa mwitu wa huku. Zamani wakipigwa risasi, karibu waishe. Sasa imekatazwa, basi wamerudi, na wamerudi na afya. Mie nilimwona mmoja kando ya barabara ya Sur, mnene, manyoya yanang'aa, wallahi utasema katoka saluni. Na wazee wa huku walikuwa na mtindo wao: dhibu akiuawa anatundikwa mtini kando ya njia, kichwa chini, kila apitaye amsifu aliyempiga. Basi mjomba, mlinzi wa wanyama, anayelipwa wasiguswe, akatafuta kamba akaifunga kwenye mgunga mkubwa. Dhibu hajapatikana, kamba ishaning'inia.

Nikamuuliza, "Mjomba, na sheria je?"

"Nitasema kagongwa na gari."

"Halafu akapanda mtini mwenyewe?"

"Nyamaza, wewe hukusoma."

Ijumaa baada ya sala tukaenda kula chini ya mgunga ule ule, kama kila Ijumaa. Mjomba, mkewe, na mie. Mkaza mjomba akipika biriani, harufu yake inafika mji wa Ibra kabla ya simu. Chini anatandika sufra ya nailoni, ile ya kukata kwenye roli, mnakula kisha mnatupa. Yake ina maua ya zambarau na mabuli ya dhahabu, mbaya hiyo, ukiitazama sana kichwa kinauma. Aliipata bei ya chee dukani Sur, akabeba maroli ya kutandika barabara nzima.

Tukishiba, mjomba huikunja sufra yote, na wali wake, na mafuta, na mifupa, akaisukuma kichakani. "Wanyama nao wale," husema. "Thawabu hiyo."

Mkewe kila mara humwambia, "Mwaga wali, bwana. Nailoni rudi nayo."

"Bibi, paa hana macho? Atachagua."

Siku ile hata hatujafungua sufuria, upepo ukageuka. Jamani, harufu. Ilikuja kama mgeni, ikakaa kitako, ikabakia kuomba sahani. Mie na mjomba tukaifuata nyuma ya kichaka, tumefunga pua kwa kilemba. Paa jike, au kilichobaki. Dhibu kamla mpaka mbavu, kaacha kichwa, kwato, na tumbo. Nyayo zake zimejaa mchangani.

Mjomba akafurahi. Mbele ya uoza ule, nzi wanamwingia masikioni, anacheka. "Si nimekwambia? Tazama mwenyewe. Leo naleta bunduki."

Lakini mie macho yangu kwenye tumbo. Nimechinja harusi ngapi mie, tumbo la mnyama nalijua, ukiligusa linabonyea. Hili gumu kama mpira, limevimba kuliko paa mwenyewe. Hata dhibu kalinusa akaliacha, na dhibu si mtu wa kuchagua. Nikalipasua kwa kisu.

Maji ya kijani yakanirukia miguuni. Halafu likatoka dude kama mkia. Nikalivuta, likaja, nikavuta, likaja, utasema namvua mtu kilemba. Nailoni. Imesokotwa na wali uliooza, mafuta yameganda, inateleza mkononi kama kamasi. Ndani hamna jani hata moja. Masikini yule alikuwa anakufa njaa na tumbo limejaa, miguu imemlegea, dhibu kamkuta kasimama tu anangoja. Nikaikunjua ile nailoni kwa ncha ya kisu. Ua la zambarau. Pembeni yake buli la dhahabu.

Nikatapika. Nilitapika mpaka biriani ambayo sijaila.

Mjomba akasema, taratibu, "Sufra kama hizi watu wengi wanazo."

Tukazunguka vichaka. Kila kichaka zambarau. Nyingine zimechanwa na meno ya dhibu, mifupa yetu ya kuku imetafunwa, ndiyo ile afya niliyoiona barabarani. Nyingine zimetafunwa kingo, meno madogo, ya paa, walifuata chumvi. Bonde zima limevaa kama bibi harusi, na linanuka. Nikamtazama mjomba wangu, thawabu yake ikanichefua kuliko mzoga.

Mkewe naye, alipoona tumechelewa, akaja na chupa ya kahawa mkononi. Akatazama tumbo. Akainama, akatazama ua.

"Bibi," mjomba akamwahi, "si watu wengi wanazo hizi?"

"Hakuna," akasema. "Mwenye duka aliniambia mie peke yangu niliyezitaka."

Akamtazama mumewe juu mpaka chini, akageuka kuutazama mgunga, kamba inapepea. Kisha akanitazama mie.

"Haya, mwanangu, kamba si ipo? Mtundike huyu wangu, dhibu mwache ende zake."