Ramani ya Hector Geddes

Katika nyumba ya Hector Geddes pale Buckhaven, mwenye kauli alikuwa Netta, mkewe. Rangi ya mapazia, nani aalikwe Krismasi, mbwa alale wapi, yote hayo Hector aliyaacha yapite bila kufungua kinywa. Lakini viwanja vya gofu vya kucheza wakati wa likizo alichagua yeye, na hapo hakutaka kusikia la mtu.

Alikuwa amestaafu kazi ya kuendesha gari la mikate. Kila kijiji alichopeleka mikate alichungulia juu ya ukuta kuona nyasi za uwanja zimekatwaje, ndiyo maana maduka mengine yalipata mikate yao saa ya chakula cha mchana. Mchezo wenyewe alifundishwa na mjomba wake kisiwani Harris, alikozaliwa mama yake. Mama huyo aliolewa bara, ila Jumapili ya kisiwani, siku ya Mungu isiyo na kazi wala mchezo, alikuja nayo kama ilivyo. Viazi vilimenywa Jumamosi, nguo hazikuanikwa, na kupiga mluzi kulikuwa kosa la kukukosesha pudini. Jumamosi jioni alizisukuma fimbo za gofu za Hector chini ya kitanda chake mwenyewe, akalala juu yake hadi Jumatatu. Hadithi hiyo Hector aliwasimulia watoto wake, Rhona na Innes, hadi wakawa wanaimalizia wao.

Kila mwaka, sikukuu zikishapita, alitandaza ramani kwenye meza ya jikoni na kuchagua viwanja vya Julai. Alipenda vile vidogo vya pwani visivyo na karani wala mlinzi, unajiingilia tu na kucheza. Hakumwambia mtu. Likizo ilipofika walikula kifungua kinywa hawajui wanaelekea wapi, na aliyeuliza alijibiwa neno lile lile, "Mtaambiwa asubuhi," hata kama ilikuwa asubuhi. Watoto walikua, wakaoa na kuolewa, na bado kila Julai walirudi kuambiwa.

Akikosea, walimtania bila huruma. Mwaka mmoja aliwapeleka kwenye uwanja ambao kondoo walikuwa wengi kuliko wachezaji, na mmoja akala mkate wa Netta pamoja na karatasi yake. Miaka ilipita, lakini Hector hakuweza kula nyama ya kondoo mezani bila Netta kumuuliza kama anamkumbuka marehemu aliyekula mkate. Alijifanya amekasirika. Kwa kweli alifurahi sana kutaniwa.

Kisha akaanza kusahau. Mwanzoni alimwita Innes kwa jina la kaka yake Hector aliyekufa. Baadaye akarudi kutoka dukani kwa miguu, gari ameliacha huko. Mwezi wa Januari Rhona alimkuta jikoni na ramani yake, akaketi karibu naye na kumwambia kwa upole kwamba mwaka huu yeye angeweza kuchagua, Baba apumzike.

"Kupumzika nitapumzika nikifa," alisema Hector. "Siku nikikosea, ramani ni yako. Lakini siyo kosa la kondoo. Kosa la kweli."

"Sawa, Baba. Tumepatana."

Hector alichagua Harris. Julai ilipofika, wiki ilikwenda vizuri, hata mvua ilikuwa na adabu. Hector alicheza vibaya na kwa furaha, Innes akamwibia mipira, Netta akatembea pembeni na chupa yake ya chai. Hector alimtazama Rhona kila jioni kwa macho ya mtu anayeshinda kesi.

Asubuhi ya siku ya mwisho ya kucheza alishuka amevaa shati safi. Alijua ni Jumapili, na shati alilivaa kwa sababu hiyo. Akajimiminia uji, akatangaza kwamba leo ni Borsgarry, uwanja wa mjomba wake, ambao aliuweka kiporo makusudi.

Innes alikuwa akipaka siagi, kisu kikasimama. Netta alimtazama Rhona. Hector akadhani wameguswa na jambo la mjomba.

Waliingia garini. Njia nzima hawakupishana na gari lililokwenda upande mwingine. Magari yote yalielekea kanisani, yamejaa kofia nyeusi. Maduka yalikuwa yamefungwa. Bembea za shule zilikuwa zimefungwa kamba ili watoto wasicheze. Hector aliyaona yote hayo akafurahi, yakamkumbusha mama yake, na akaanza kusimulia jinsi alivyokuwa akizisukuma fimbo chini ya kitanda. Hakuna aliyemmalizia. Aliisimulia hadi mwisho peke yake.

Geti la Borsgarry lilikuwa na mnyororo. Kibao kilisema kwamba Jumapili hapachezwi.

Alisimama pale na begi lake begani, akasoma kibao mara ya pili. Ndipo likamjia, lote kwa pamoja, akaogopa. Alijua siku. Alijua kisiwa. Viwili hivyo havikukutana kichwani mwake. Midomo yake ilikuwa bado na hadithi ile. Aligeuka kuwatazama, akisubiri. Lilikuwa kosa la kumtosha mtu kutaniwa hadi kaburini.

"Mahali pazuri," alisema Innes. "Tumeona angalau."

"Upepo nao ungetusumbua," alisema Rhona.

Hector alimgeukia mkewe. "Netta, sema basi. Nitanie."

Netta alimfunga kifungo cha juu cha koti, akampangusa bega ambalo halikuwa na kitu.

Garini Hector alitoa ramani mfukoni akaipitisha nyuma bila kugeuka. Alitumaini Rhona angeikataa, walau mara moja, kwa heshima tu. Rhona aliipokea.

Kesho yake walipanda feri. Bahari ilikuwa ya kijivu na chai ilikuwa mbaya. Hector alikitazama kisiwa hadi kikapotea, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda tu, mwakani watacheza wapi.

Rhona alikuwa ameiweka ramani mapajani, mikono juu yake.

"Utaambiwa asubuhi, Baba."

Innes akacheka, Netta akacheka huku akitafuta kitambaa. Utani ulikuwa umerudi, na ulikuwa mzuri, Hector mwenyewe asingeweza kuupata mzuri zaidi. Alicheka nao kama alivyopaswa. Kisha akageukia dirishani, akashika kikombe kwa mikono miwili, akatamani Netta amwambie sasa hivi wanakokwenda, asingoje asubuhi.