Mablanketi ya Baba Kulwa

Ilikuwa wiki yangu ya kwanza kuuguza wanaotoka kupasuliwa, hapa Mwanza, miaka ile mitumba ilipofurika sokoni na hata mablanketi ya wodi tukayapata huko. Daktari wa usingizi alinionya kwamba mgonjwa akitetemeka baada ya nusukaputi, kidonda humuuma zaidi na moyo huchoka, hivyo nimpashe joto mapema. Sikutulia. Nilitandika kitanda, nikakitandika tena, nikakimbilia blanketi la tatu.

Niliporudi nilimkuta mzee amelala pale, amevaa gauni la kijani la hospitali, anatetemeka mpaka kitanda kinalia.

"Shikamoo, baba. Hiyo ni dawa ya usingizi, itaisha."

"Marahaba. Sijapasuliwa, binti. Gauni nimevalishwa mlangoni. Nilikuwa namsubiri mke wangu, nikaishiwa nguvu kwa hofu, nikajilaza hapa."

Nilijua wengi huamka wamechanganyikiwa. Nikamfunika mablanketi yote matatu. Alipotaka kuinuka, nikamkandamiza mabega. Jasho likamtiririka.

Mlango ukafunguliwa. Daktari aliingia akisukuma machela, juu yake mama aliyefunikwa shuka moja, meno yakigongana. Mama akafumbua macho, akatutazama.

"Baba Kulwa," akasema kwa shida, "nimepasuliwa mimi, umelazwa wewe?"