Siku ya Pili Niliyomnyima

Shule mimi niliishia darasa la tatu, pale Samuye, kwa sababu ng'ombe wa baba walikuwa hawajichungi. Kila nilichonacho nimekitoa ardhini kwa mikono hii, kule machimbo ya Geita. Nilianza kwa kubebea watu mawe, baadaye nikapata duara langu, maana yake shimo langu mwenyewe lenye wachimbaji wangu, kisha karasha la kusaga mawe, kisha nyumba hapa mjini, Ngokolo. Sisemi ili nisifiwe. Nasema ili ieleweke kwamba mtu wa namna hii akiamua jambo, nyumbani kwake hakuna wa kumuuliza mara mbili.

Shimoni ndivyo inavyotakiwa. Nikisema baruti zinapigwa saa nane, ni saa nane, na kila mtu awe juu. Kiongozi anayesema saa nane halafu anageuka anasema saa tisa, huyo ataua watu. Nimeishi kwa sheria hiyo na sijazika kijana hata mmoja kwa uzembe wangu. Kosa langu ni kwamba niliichukua sheria ya shimoni nikaipeleka kwenye matembezi.

Mjukuu wangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi Dar es Salaam. Mwaka juzi, shule zilipokuwa zinakaribia kufungwa, alinipigia. Nilikuwa nimeahidi kuwapeleka wadogo zake wawili, tunaoishi nao hapa Ngokolo, wakaione bustani ya michezo ya maji iliyoko kule pwani. Niliahidi mbele ya watu, nikiwa nimefurahi, basi nikabanwa.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba. Sema."

"Babu, kuhusu ile bustani, tupange siku tatu. Siku ya kwanza watoto wanashangaa tu. Ya pili ndiyo wanacheza. Ya tatu wanaaga."

"Wanamuaga nani? Maji?"

Akacheka. "Babu, ni pakubwa. Kuna mitelezo, kuna bwawa la mawimbi, kuna kijito unakaa kwenye boya kinakuzungusha. Siku moja hamalizi mtu."

Nikamwambia siku moja inatosha. Nikamweleza na sababu, maana niliiona ni nzuri. Mnadani, mtu mwenye akili anafika asubuhi, anazunguka, anaangalia mifugo, ananunua au anauza, anakula nyama yake, saa tisa anaondoka. Anayelala mnadani ni mlevi au mwizi. Sasa kama mnada mzima wa Kishapu, na ng'ombe wote wale, naumaliza kwa siku moja, nitashindwaje na bwawa?

Mke wangu alikuwa pembeni anachambua choroko. Yeye ni mzaliwa wa huko huko Kishapu, upande ule mkavu, ambako wasichana walichimba mchanga wa mto uliokauka, wakakaa wanangoja maji yajichuje kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Ndoo hizo, na mizigo aliyobeba mimi nikiwa machimboni miaka na miaka, ndizo zilizomharibu magoti. Siku hizi anatembea na mkongojo, na akiinuka lazima kwanza atulie kidogo, kama anayekumbuka kitu.

Akasema, bila kuinua macho kwenye ungo, "Mie naona hata mbili, mzee."

"Wewe siku mbili utafanya nini? Si utakaa tu ulinde viatu."

"Haya."

Nimeyaandika maneno yangu kama yalivyotoka. Sikuyapunguza.

Tukaenda. Basi mpaka Dodoma, kutoka hapo treni ya umeme, watoto wamegandisha pua kwenye kioo. Tiketi za kurudi nilishazikata. Asubuhi yake mjukuu mkubwa akatupeleka kwenye bustani, tukafungwa utepe mkononi kama wagonjwa, tukaingia.

Ni kweli pazuri, siwezi kudanganya hapo. Mitelezo imepinda juu hewani kama mabomba ya mgodi mkubwa, watu wanapita ndani wakipiga kelele, wanatumbukia majini. Mimi nilikaa kivulini na kofia yangu na viatu vyangu miguuni. Mke wangu alikaa kando yangu akalinda viatu vya watoto, sawasawa na nilivyosema. Kila maji yaliporuka karibu, alivuta miguu.

"Unaogopa nini?" nikamuuliza.

"Maji mengi hivi sijawahi kuyaamini."

Mchana tukala chipsi na kuku. Baada ya kula mjukuu mkubwa akaja ameloa, akachuchumaa mbele ya bibi yake. Alikuwa amemnunulia suruali ya kubana na blauzi ndefu ya kuogelea, kwa sababu kwa khanga hawakuruhusu. Akambembeleza kwa Kisukuma, akimwita mama, "Mayu, twende. Kile kijito kinafika kiunoni tu. Nitakushika."

"Niache, mwanangu. Watu watanicheka."

"Nani anakujua hapa?"

Nadhani ni neno hilo lililomwinua. Walienda kubadilisha nguo. Alivyotoka, nikageuza uso, si kwa ubaya, sikuwa nimezoea. Wakashuka ngazi pole pole. Alishika chuma cha pembeni, akasimama hapo muda mrefu, hatoki, haendi. Watoto wakawa wanampita wakizungushwa na maboya yao, wakirudi kila mara wanampungia. "Bibi, bado?" "Bado." Wanazunguka tena. "Bibi, bado?" "Hebu niacheni!"

Jua lilikuwa limeshaanza kulala alipoachia kile chuma. Sikuona ameachiaje. Niliona tu anatembea. Mkongojo wake ulikuwa hapa kwangu, umeegemea kiti, na mwenye mkongojo anatembea majini, mabega yamenyooka, mikono ameifungua pembeni, anakwenda na mkondo. Alipofika karibu yangu akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tukiwa vijana.

"Mzee! Hayaumi! Magoti hayaumi!"

Alizunguka mara moja na nusu hivi, kisha filimbi ikapigwa, wakatangaza watu watoke, wanafunga.

Getini, wakati tunangoja gari, nywele zake zinachuruzika maji chini ya khanga, akanisogelea. Mke wangu si mtu wa kuomba. Nguo nilimnunulia nilipoona zimechakaa, nyumba niliipanga mwenyewe nikamkabidhi ufunguo. Jioni ile aliomba, tena kwa sauti ya mtu aliyekwenda kuomba chumvi kwa jirani.

"Mzee, kesho tukija mapema, nafikiri sitaogopa tena."

Watoto wakadakia, "Ndiyo babu! Kesho!"

Mjukuu mkubwa akasema, "Babu, tiketi za treni naweza kuzisogeza mbele. Ni kitu cha dakika."

Wote wananiangalia. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, haya, na mambo yangeisha. Lakini nilikuwa nimeshasema siku moja. Nilisema kwenye simu, nilisema nyumbani, niliwaambia mpaka majirani pale Ngokolo kwamba mimi sio wa kulala kwenye mabwawa. Nikaona nikigeuka sasa, mbele ya wajukuu, kesho watanigeuza kwa lingine.

Nikasema, "Haiwezekani. Mchana nimepigiwa simu na msimamizi wa duara. Mwamba umeonyesha dalili za dhahabu. Nisipokuwepo mawe yatayeyuka mikononi mwa wezi."

Kwenye nyumba yangu dhahabu ikitajwa, watu wananyamaza. Mke wangu akasema tu, "Kama ni kazi, twende," akashika mkongojo wake.

Haikuwa kweli. Hakuna aliyenipigia.

Tulirudi. Njia nzima ya treni mke wangu alitazama nje. Nikamuuliza kama amechoka, akasema hajachoka. Tulipofika Ngokolo nilishinda siku hiyo tu, kesho yake nikaondoka kwenda Geita, kwa sababu aliyekwisha kusema ameitwa lazima aonekane anakwenda.

Msimamizi aliponiona alishangaa. "Mzee, shikamoo. Mbona mapema? Ulisema tusikutegemee mpaka wiki ijayo."

Duara lilikuwa limejaa maji. Pampu imewekwa, inanguruma inayatoa, na kazi ya kuchimba imesimama mpaka yakauke. Vijana wamekaa chini ya turubai wanacheza drafti kwa vizibo vya soda. Sikuwa na la kufanya, na nyumbani siwezi kurudi haraka. Basi nikakaa nao. Siku mbili. Mke wangu angekuwa anatembea bila fimbo kule pwani, mimi nimekaa Geita nacheza drafti na vijana, tena wananila.

Mmoja akaniambia, "Mzee leo hujatulia, umeliwa kingi mara tatu."

"Cheza," nikamwambia.

Mtu wa machimbo akiwa na tatizo, dawa yake ni kuchimba. Mwezi uliofuata nilileta vijana watatu kutoka Geita, wakachimba nyuma ya nyumba yangu, wakajenga bwawa dogo kwa tofali na saruji, wakapiga lipu, ngazi mbili, chuma cha kushikia. Nikajaza maji ya kisima. Kina mpaka kiunoni mwa mke wangu, nilimpima kwa macho. Sikumwambia ni la nini mpaka limekamilika.

Akaja akasimama ukingoni na mkongojo wake.

"Hili lambo ni la mifugo gani?"

"Si la mifugo. La kwako. Uingie utembee, magoti yapumzike."

Aliingia, kwa heshima yangu. Maji ya kisima ni ya baridi, na yamesimama tu, hayana mkondo. Alikwenda hatua nne akagusa ukuta, akageuka hatua nne akagusa ukuta. Majirani wakachungulia juu ya ukuta wa uani. Akatoka.

"Asante, mzee. Ni zuri."

Hakuingia tena. Sasa bata ndio wanaogelea humo, na mimi kila asubuhi nikifungua dirisha la chumbani nawaona.

Mwaka huu magoti yake yamezidi. Daktari amesema atembee kila siku, hasa ndani ya maji kama anaweza kupata. Alivyosema hivyo mke wangu alitabasamu kidogo akaangalia sakafu. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni yake niliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo. Daktari hakujua lolote, aliendelea kuandika.

Tuliporudi nyumbani nilishindwa kula. Nikamwita akae.

"Kuna jambo," nikasema. "Ile siku, getini. Ile simu ya msimamizi."

"Simu gani?"

"Niliyosema nimepigiwa. Sikupigiwa. Nilidanganya."

Sikuwahi kutamka neno hilo juu yangu mbele ya mtu. Nilingoja akasirike. Ningefurahi angekasirika. Akaendelea kujikanda goti kwa mafuta.

"Najua," akasema.

"Unajuaje?"

"Mzee, simu yako siku nzima ilikuwa kwenye mkoba wangu. Ulinipa asubuhi nikutunzie isilowe. Ilizima chaji hata kabla hatujala. Nilikurudishia usiku kule tulikolala."

Nikaikumbuka simu, nikaukumbuka na mkoba. Mimi nisiyesahau kipande cha jiwe kimetoka duara gani, hilo nililisahau.

"Mbona hukusema?"

"Niseme pale? Mbele ya wajukuu zako?"

Akafunika kichupa cha mafuta. Akasema, si kwa ukali, "Ila mimi siku ile kwa kweli sikuimaliza. Ile ya kwanza yote niliimalizia kwenye woga. Nilipozoea tu, filimbi."

Nilizoea kujua la kusema, na ninachojua ni amri tu, na hapo amri haikuhitajika. Msamaha nilimwomba, nikauomba vibaya, nikasema kitu kama "basi yaishe," akasema yameisha. Lakini namjua. Hata mbele ya wajukuu getini yalikuwa yameisha, na hayakuwa yameisha.

Kesho yake nikampigia mwalimu wetu Dar.

"Nataka bibi yako arudi kule kwenye maji. Shughulikia."

"Babu! Kweli?" Nikasikia anavuta kiti. "Sawa. Siku ngapi?"

Namba ilinijia mdomoni yenyewe, kwa mazoea. Nikaimeza. Nikasema, "Muulize mwenyewe," nikampa mke wangu simu.

Aliichukua, akanitazama, akaona nimekaa hapo hapo natega sikio. Akainuka, akatulia kidogo kama kawaida yake, kisha akatoka nje na mkongojo, pole pole, akauvuta mlango nyuma yake. Nilimsikia akicheka uani, akiongea Kisukuma kwa sauti ya chini. Aliporudi akaniwekea simu mezani, akaenda jikoni.

Tunaondoka pamba ikishavunwa. Siku ngapi, sijaambiwa, na sijauliza.