Mwalimu wa Ndani ya Kioo

Mimi huenda saluni kupumzika, si kusoma hesabu. Lakini Jumamosi, pale mtaani Manyatta, aliyenitangulia kitini alikuwa mwalimu wa hisabati, akisukwa huku anasahihisha vitabu vya wanafunzi.

"Mwalimu, unaonekana umechoka," msusi akamwambia.

Mwalimu akaelekeza kalamu yake nyekundu kwenye kioo. "Jumatatu nafundisha uakisi, na mfano ndiye huyo wa ndani ya kioo. Umbo ni langu, ukubwa ni wangu. Nikirudi nyuma, naye anarudi vilevile."

Msusi akaacha kusuka. "Sasa hakuna mahali unaweza simama, yeye apumzike?"

Mwalimu akakifunga kitabu. "Hiyo haiko kwa silabasi," akasema, akafungua kitabu kingine.

Zamu yangu ilipofika, niliomba kiti kigeuzwe kielekee ukuta usio na kioo.