Cherehani ya Kiwiko

"Hivi wifi yako kaacha kushona, au siku hizi anachagua wateja?" jirani yangu aliniuliza tukianua nguo. Jibu la kweli ni refu.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni fundi cherehani tangu ujana wake, na mtaa mzima unamwita Fundi. Alipopooza miguu, ile cherehani ya kukanyaga ikageuka meza ya vyombo, naye akawa mtu wa kutazama ukuta. Tulimwombea sana. Mungu akatuletea wanafunzi wa chuo kikuu.

Siwezi kuwasema vibaya, walikuja kwa moyo. Mwalimu wao aliwakataza kuunda chochote kabla ya kukaa na mwenye shida, basi wakakaa naye chumbani, katikati ya vipande vya vitambaa, wakimuuliza na kumpima mikono. Wakaunda cherehani ya mota, unaiendesha kwa kukandamiza kibao kwa kiwiko, viganja vibaki huru kushika nguo. Siku ya kwanza ilikimbia mpaka ikashona sketi pamoja na blauzi aliyoivaa.

"Nyie, mmekuja kunisaidia au kunitia viraka?" akawauliza. Walicheka wote, wakaenda kuirekebisha. Iliporudi ilimtii. Sare za shule zikajaa tena kitandani kwake, na nyimbo zake za kumsifu Mungu nikawa nazisikia hadi jikoni kwangu.

Ndipo wakaja kuiazima kwa ajili ya maonyesho ya vyuo. "Yakiisha tu tunairudisha, Mama Fundi."

Ikashinda. Tukashukuru. Wale vijana wakahitimu, kila mmoja akashika njia yake, mwalimu akahamia chuo kingine. Cherehani haikurudi. Wifi alipiga simu mpaka namba zikawa hazipatikani.

Tukaona tuifuate wenyewe huko chuoni. Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. "Wifi, polepole, umebeba mtu si gunia la mkaa," alinitania. Alikuwa amejipamba kama anayekwenda kupokea mgeni.

Tuliikuta ukumbini, ndani ya kabati la kioo lililofungwa kwa kufuli. Juu yake picha ya wifi, anacheka. Kijana wa ofisini alituamkia kwa heshima, akatuletea na maji.

"Mama, hii sasa ni mali ya chuo. Wanafunzi wapya wanajifunzia hapa namna ya kuisaidia jamii."

"Na mimi je, baba?"

Kijana akatazama chini. Alisema ataulizia, ila walioiunda hawapo tena, na fungu la kuunda nyingine halijatengwa.

Nilidhani wifi atalia. Akasogea mpaka paji la uso likagusa kioo. Chini ya sindano kulikuwa na mkono wa gauni la mtoto, umeshonwa nusu, umebanwa vilevile kama siku walipoichukua.

"Basi, mwanangu, naomba unifungulie kidogo nimalizie huu mkono. Ni kazi ya mtu."